Mama wa Marehemu Wawili

Bi Sughra Mohamedjaffer alijua kulia. Jambo hilo lilijulikana Flemingdon Park, mtaa wao wa Toronto, na lilijulikana zamani kule Arusha, ambako marehemu mumewe aliuza vipuri vya baiskeli mpaka walipohamia Kanada. Ikiingia Muharram, mwezi wa maombolezo, akina mama msikitini humwekea nafasi karibu na kipaza sauti, maana Bi Sughra akianza, hata wale waliokuja kupiga soga hujikuta wanapekua mikoba kutafuta vitambaa. Tatizo ni kwamba mwaka una miezi mingi na Muharram ni mmoja tu. Miezi iliyobaki alikaa ghorofani akilitazama bonde lililo chini ya jengo lao, na kumpigia simu kazini bintiye Rida kumuuliza kama amekula.

Rida, aliyekuwa karani katika ofisi ya bima, alichoka na simu hizo, akamwandikisha mama yake mazoezi ya wazee. Bi Sughra alikwenda mara moja.

"Eti niiname nishike vidole vya miguu," alimlalamikia jirani yake. "Vidole vyangu nimekuwa navyo umri wote huu, leo nivishike vya nini?"

Jirani huyo alikuwa Asumpta, Mkenya wa Machakos, aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Siku zake za mapumziko alikuwa mtu wa kujaza picha, mmoja wa wale wanaopita nyuma ya waigizaji wakubwa wakijifanya wana safari zao. Toronto kazi hiyo haikosekani, maana kila wiki kuna mtaa unafungwa ili ujifanye mtaa wa mji mwingine.

"Twende na mimi, Mama Rida," Asumpta alimwambia. "Wanatafuta akina mama wa rika lako. Ni tamthilia ya kijasusi, Wayahudi na Waarabu, mambo ya Yerusalemu."

"Mimi Mhindi wa Arusha, Asumpta."

"Na mimi mwaka jana nilikuwa nesi wa Brazili. Wewe vaa wanachokupa, nenda wanakokuonyesha."

Basi wakaenda. Yerusalemu ilikuwa imejengwa nyuma ya ghala kuukuu karibu na ziwa, kwa mbao na povu gumu lililopakwa rangi ya mawe. Ukiugonga ukuta wa mji mtakatifu ulisikika kama ndoo tupu. Ulikuwa mwezi wa Februari, baridi ya kuuma masikio. Vijana wenye mashine za kupuliza walikuwa wakifukuza theluji juu ya mapaa na kumwaga mchanga mahali pake, kwa kuwa hadithi ilikuwa ya kiangazi. Ili mvuke usionekane vinywani mwa watu wanaodai kuungua na jua, kila mmoja alipewa kipande cha barafu akinyonye kabla kamera haijawashwa.

"Nimetoka kwenye barafu, wananipa barafu," Bi Sughra alinong'ona.

"Nyonya tu, Mama Rida," Asumpta alimjibu. Yeye alishavalishwa sare ya nesi. Katika tamthilia zote Asumpta alikuwa nesi.

Hadithi yenyewe hakuna aliyeijua yote. Walichoambiwa ni kwamba kuna jasusi aitwaye Daniel anayelitafuta bomu, na kwamba kila anapokaribia kulipata, mtu asiye na hatia anauawa. Aliyewapanga watu wa kujaza picha alikuwa kijana mwenye haraka, na aliwapanga kwa kuwatupia jicho moja tu. Bwana Nabil, Mpalestina aliyekuwa mfamasia Amman kabla ya kuja Kanada, alipewa sare ya askari wa Israeli kwa sababu ya mabega yake. Bi Dvora, Myahudi, mwalimu mstaafu wa jiografia aliyezaliwa na kukulia papo hapo Toronto, alivalishwa gauni lililotariziwa, akawa Mwarabu muuza nyanya. Bwana Nabil alipojiona kwenye kioo, alikigeuza kioo kikatazama ukuta. Bi Dvora aliuliza kama nyanya zinalika.

Wawili hao hawakusalimiana. Tangu vita vya kule kupamba moto, mji mzima ulikuwa umegawanyika. Watu waliozoeana miaka mingi kwenye foleni ya mkate sasa walikuwa wakitazamana viatu. Hata ndani ya hema la chakula kulikuwa na meza mbili, na kila mtu alijua yake, bila kujali amevaa nguo za nani.

Siku hiyo ya kwanza Bi Sughra alikuwa mama wa Kiarabu ambaye mwanawe amepigwa risasi kwa makosa. Aliambiwa asogee, apige magoti, alie kidogo. Lakini Bi Sughra hakujua kulia kidogo. Alitema barafu pembeni, akajipiga kifua, akatoa "Ooo mwanangu, mwanangu wee!" iliyomfanya mwendesha kamera asahau kuigeuza kamera yake. Kijana aliyekuwa amelala chini kama maiti alifumbua jicho kutazama kulikoni.

Mwongozaji, mama mrefu mwenye sauti ya mafua, alisogea taratibu. "Hicho ni Kiarabu cha wapi?" aliuliza.

"Si Kiarabu kabisa," Bwana Nabil alidakia.

"Cha Arusha," alisema Bi Sughra.

"Kizuri sana," alisema mwongozaji. "Tutaandika tafsiri chini."

Mchana Bwana Nabil alimvutia Bi Sughra kiti kwenye meza yake. Kwa jinsi alivyomlilia yule kijana, alishakuwa mtu wao.

Siku ya pili ikawa vingine. Mama aliyeajiriwa kumlilia rafiki wa Daniel, askari wa Kiyahudi, aliamka na homa. Mwongozaji alisema anataka mtu wa kulia kama yule wa jana, na yule kijana mwenye haraka, badala ya kutafuta mtu kama yule, akamchukua yule yule. Walimletea Bi Sughra koti zito jeusi na wigi.

"Ushungi wangu sivui," alisema.

"Huna haja ya kuuvua," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Bi Dvora. "Wigi huvaliwa juu. Mama yangu alivaa wigi maisha yake yote ili nywele zake zisionekane na wanaume. Hizi ni nywele za dukani, si zako."

Bi Sughra alilifikiria hilo, akaona lina mantiki ya kidini. Wigi likakaa juu ya kitambaa, akaonekana kama mtu mwenye kichwa kikubwa na mawazo mengi.

"Marehemu ni yule yule wa jana?" aliuliza akiwa kando ya kaburi.

"Hapana, huyu ni wa upande wa pili," alijibiwa.

"Maskini, naye," alisema Bi Sughra, akalia upya. Mchana ule alikula kwenye meza ya Bi Dvora, na aliwagawia kachori alizotoka nazo nyumbani. Bwana Nabil alimtazama kutoka meza ya pili kwa macho ya mtu aliyeibiwa.

Kasheshe ilizuka siku iliyofuata, mwongozaji alipofungua kurasa za mwisho za hadithi. Kulikuwa na tukio kubwa: mama wa Kiarabu na mama wa Kiyahudi wanakutana uso kwa uso kwenye kichochoro, kila mmoja ametoka kuzika, na Daniel anawatazama huku bomu linahesabu. Mwongozaji akaomba aletewe wale akina mama wawili. Akaletewa Bi Sughra.

"Na mwingine?"

Kijana mwenye haraka alipekua karatasi zake. "Ndiye huyo huyo."

Mwongozaji alikaa chini juu ya jiwe la povu, jiwe likabonyea. Ilibidi Bi Sughra abaki na marehemu mmoja, wa pili atafutiwe mama mwingine na kuliliwa upya. Lakini abaki na yupi?

"Huyu ni mama yetu," alisema Bwana Nabil, amesimama kwenye sare yake ya Kiisraeli. "Alianza na sisi."

"Jana amezika na sisi," alisema Bi Dvora, kapu la nyanya mkononi. "Na wigi linamkaa."

"Wigi! Mama wa watu ni Mwislamu!"

"Na wewe ni askari wa Israeli. Sasa tufuate nguo au tufuate nini?"

Wakaanza kupandishiana sauti, na baada ya muda mfupi hawakuwa wakizungumzia tamthilia tena. Waliingia kwenye vijiji, kwenye miaka, kwenye nani alifukuzwa na nani alikimbia nini. Watu wa meza zote mbili walisimama. Asumpta alisogea na sanduku lake la huduma ya kwanza, lililokuwa tupu. Bwana Nabil alikuwa ameshika mkono mmoja wa Bi Sughra, Bi Dvora ameshika wa pili, na kila hoja ilikuja na mvuto wake.

"Niachieni!" Bi Sughra alifoka, na kwa hasira Kiingereza kilimruka kikabaki Kiswahili. "Mimi ni binadamu, siyo gunia la mchele!"

Wote wawili walimwachia.

"Amesema bani Adam," alisema Bwana Nabil. "Ni Kiarabu."

"Amesema ben adam," alisema Bi Dvora. "Ni Kiebrania."

Wakatazamana, kila mmoja amekasirika kwamba mwenzake ameelewa.

Mwongozaji akamsihi Bi Sughra achague mwenyewe. Bi Sughra alitazama nguo zilizotundikwa. Upande mmoja kulikuwa na gauni jepesi la kiangazi, zuri, lenye nakshi. Upande wa pili kulikuwa na lile koti. Nje upepo wa ziwani ulikuwa ukilipiga hema makofi.

"Nachukua koti," alisema.

"Umetuuza kwa koti!" alisema Bwana Nabil.

"Bwana Nabil, mimi nina baridi yabisi ya magoti. Huyo mwenye gauni anapiga magoti kwenye mchanga uliomwagwa juu ya barafu. Kapige wewe."

Mama wa Kiarabu akawa Bi Dvora, kwa sababu gauni alishalivaa. Ila Bi Dvora hakujua kulia. Alipojaribu, ilitoka sauti ya mtu aliyekanyagwa mguu kwenye lifti. Kwao, alieleza, watu hulia kwa adabu, na kitambaa puani.

"Njoo hapa," alisema Bi Sughra. Akamketisha kwenye kiti cha plastiki, akamfundisha: pumzi itoke tumboni, mkono uanguke kifuani kabla ya neno, neno livutwe. Bi Dvora alivuta. Waliokuwa wakila waliacha.

"Na aseme nini?" Bi Sughra aliuliza. Kila mtu akamgeukia Bwana Nabil.

Bwana Nabil alikunja mikono, akaikunjua. Hatimaye akasema, kama mtu anayetoa dawa bila cheti cha daktari, "Ya ibni. Maana yake, ewe mwanangu. Hapana, si 'ibney'. Mwalimu mzima! Ibni."

Walirudia na kurudia. Bi Sughra alimuuliza Bi Dvora amefiwa na nani wa karibu. Akasema kaka yake, majira ya majani kupukutika, na kwamba kwenye mazishi alishughulika na magari ya wageni, hakupata nafasi ya kulia.

"Basi mlilie huyo," alisema Bi Sughra. "Mwenye kamera hatajua."

Bwana Nabil alisema polepole kwamba mama yake alizikwa Amman wakati yeye amekwama uwanja wa ndege. Kisha akaomba chai na kugeuka upande mwingine.

Kamera zikawashwa. Wanawake wawili wakatokea kichochoroni, mmoja ndani ya koti, mwingine anatetemeka ndani ya gauni. Bi Dvora aliuangusha mkono kifuani na kutoa "Ya ibni" ndefu, iliyonyooka, iliyotoka kweli tumboni. Kipande cha barafu kilimchomoka kinywani kikaruka. Bi Sughra, ambaye alitakiwa kumtazama kwa ukali, akaona mwanafunzi wake amefaulu, akaangua kilio naye. Wakashikana. Bwana Nabil alikuwa askari wa kuwatenganisha. Alifika, akanyoosha mkono, akasimama hapo huku mabega yake yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Jasusi Daniel, mwigizaji mkubwa kabisa, alisahau bomu. Lilihesabu mpaka mwisho peke yake.

"Kata!" alisema mwongozaji, akapenga kamasi.

Tamthilia ilipoonyeshwa, Bi Sughra aliwaalika Asumpta, Bwana Nabil na Bi Dvora nyumbani, akapika pilau ya kulisha msikiti. Walisubiri tukio lao. Lilikuja, likapita. Ulionekana mgongo wa koti, kiwiko, kisha gari likalipuka. Kilio pekee kilibaki, kikiwa chini ya muziki wa ngoma.

Rida aliuliza kwa Kiingereza kama ndiyo yote. Mama yake alimwambia anyamaze, ampe Bi Dvora kachumbari.

Halafu Bwana Nabil akasema kwamba Daniel hakuwa na haki ya kuingia nyumba ile ya Waarabu kwenye tamthilia, na Bi Dvora akauliza kama alitaka bomu lilipuke sokoni. Wakaendelea kwenye pilau, kwenye chai, wakiwa wanavaa viatu na makoti. Asumpta aliwahi kurudi kwake, ana zamu asubuhi. Wawili wale walitoka na mabakuli ya pilau wakiendelea, wakisimama kila baada ya milango miwili ili kunyoosheana vidole vizuri.

Rida alichungulia koridoni. "Mama, hawa watapigana. Niwafuate?"

"Waache," alisema Bi Sughra, akikusanya sahani. "Wanasubiri basi moja, na leo Jumapili, basi haliji upesi."