Ng'ombe wa Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi ya mvua, hapa hapa Luzira, baba mkwe wangu aliponisimulia habari za ng'ombe wake akiwa upande wa pili wa pazia. Mwanangu, wewe uliyejifungua juzi na unauma meno kila mtoto anapotafuta ziwa, sogea karibu. Hadithi hii ni yako kuliko yangu.

Nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, Furaha. Mimi na mume wangu tulipanga muzigo, chumba kimoja kama hivi unavyovijua. Mtoto hajamaliza hata wiki, baba mkwe akafika kutoka Bukavu na begi moja begani, kwao kumeharibika kwa vita. Sikuwahi kumwona kabla. Tulimkaribisha, tungefanyaje? Tukatundika kitenge katikati ya chumba: huku kitanda chetu, kule godoro lake. Na mimi niliyelelewa kwamba baba mkwe hata macho humkazii, nikajikuta natakiwa kutoa ziwa mbele ya kitambaa ambacho upepo unakipeperusha unavyotaka.

Basi nikawa nanyonyesha kama mwizi. Naugeukia ukuta, nainama, najifunika mpaka kichwani, hata mdomo wa mtoto siuoni. Mzee akikohoa tu, namtoa mtoto kabla hajashiba. Chuchu zikapasuka. Ziwa la kushoto likajaa, likawa gumu, likawaka moto. Nikaamua kulipumzisha, nimpe la kulia peke yake, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana maziwa yaliyokosa njia ndiyo yaliyonitesa zaidi. Furaha alivuta, akalia, akachoka, akalala na njaa. Mashavu aliyozaliwa nayo yakaanza kupotea. Niliogopa nitampoteza, na bado nilikaa kimya, nimeuma ncha ya kitenge ili mzee asinisikie.

Usinicheke. Au cheka kidogo, haidhuru. Akina mama wa kanisani walikuja kunitazama, wakasema, "Bambi, pole, vumilia, ndiyo uzazi," wakanywa chai, wakaenda zao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Asubuhi hiyo mume wangu alikuwa ameshakwenda Nakivubo kuuza viatu. Mtoto alilia, nikamweka ziwani, na safari hii kitenge hakikunisaidia. Nililia kwa sauti. Upande wa pili wa pazia mzee akakohoa.

"Binti," akasema, "nilikuwaka na ng'ombe moya."

Nilidhani ni uzee.

"Ng'ombe muzuri sana. Ikazaa. Kisha kiwele ikakuwa nguvu sawa jiwe. Ikanyamaza, haikulia hata kidogo. Sisi tukasema, hii ng'ombe iko na adabu. Ile adabu iliua ndama."

Kwetu ng'ombe ndiye mahari na fahari ya nyumba, kwa hiyo sikusikia tusi ndani yake. Nilisikia mtu mzima anayetafuta njia ya kuniuliza jambo asiloruhusiwa kuliuliza. Nikajifuta machozi.

"Ng'ombe huyo, baba, chuchu zilikuwa zimepasuka?"

"Nafikiri zilipasuka."

"Na alikuwa anasikia baridi, mwili unatetemeka?"

Nikamsikia anasimama. "Tangu lini?" akauliza, na hapo hatukuwa tena kwenye habari za mifugo.

"Tangu jana, baba."

Alitoka kwenye mvua bila viatu. Alirudi na jirani yetu Mama Achieng, Mkenya aliyekuwa akiuza mboga alizozichukua sokoni Kalerwe, mama wa watoto sita. Mzee akabaki nje. Mama Achieng alinivua kitenge kichwani kama anamfunua mtu aliyejificha chini ya meza.

"Wee! Mtoto anashika ncha tu, kwani unatarajia nini? Kaa wima, egemea ukuta. Usimpelekee ziwa, mlete yeye. Ngoja afungue mdomo wote. Wote! Haya, sasa."

Furaha akashika, si ncha tu, na ule weusi wote, kidevu kimegusa ziwa. Kwanza liliniuma mpaka nikakunja vidole vya miguu. Kisha maumivu yakalegea, na nikamsikia mwanangu anameza. Anameza kweli, kwa sauti. Nililia tena, safari hii kwa furaha, na sikumficha mtu.

Homa haichezewi, kwa hiyo siku hiyo hiyo tulikwenda kliniki. Nesi akanigusa paji la uso. "Nyabo, bambi, mbona umechererewa? Dawa hii kunywa yote. Na mutoto anyonye hapo hapo panauma, usiache." Jioni Mama Achieng akaniletea majani ya kabichi yaliyooshwa na kupozwa, niweke juu ya ziwa baada ya kunyonyesha. Uvimbe ukaanza kushuka taratibu.

Tangu hapo, mtoto akianza tu kutafuta ziwa, mzee alibeba kigoda chake akatoka. "Naenda kuangalia kama mvua inakuja," alisema, hata jua likiwa kali la kupasua kichwa.

Mashavu ya Furaha yaliporudi, nilimuuliza mume wangu baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi. Alinishangaa. "Baba? Baba ni fundi cherehani. Hajafuga hata kuku." Kisha akashusha sauti. "Kabla yangu mama alizaa msichana. Hakufika mwezi. Mama alikuwa akiishi kwa wakwe zake."

Aisifuye mvua imemnyea. Nilichemsha chai, nikampelekea mzee pale nje, nikapiga magoti na kumpa kwa mikono miwili. Alipokea, akaangalia mbingu. Wala mimi wala yeye hatukumtaja ng'ombe tena.

Mwanangu, heshima si kuumia kimya. Mficha uchi hazai, na mimi naongeza: mficha ziwa halei. Mwanzoni huuma kidogo, hilo sikukatalii, lakini ziwa likipasuka au likiwa gumu linakuita ulisikilize. Tazama mtoto anavyoshika, na akishika vibaya, mtie kidole safi pembeni ya mdomo aachie, muanze upya. Ziwa linalouma usilifungie. Ukipata homa usimngoje mtu, hata mimi, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Na kama aliye mbele yako ni mtu usiyeweza kumtamkia jambo hilo, mzulie ng'ombe. Anayekupenda ataelewa.

Mungu akupe mgongo wa kuegemea na watu wa kukusikia. Maziwa yako yashuke bila machozi, na mwanao ashibe mpaka asinzie mdomo wazi. Haya, fungua hicho kitenge, tuone anavyoshika.