Fundi Uweso na Uwanja Uliolala Kama Kaburi

Umande bado umelala juu ya majani, na Uweso bin Shekhe amekwisha kupiga magoti. Anafunga kamba ya mkonge kwenye kigingi, anaivuta mpaka kigingi cha pili, anafumba jicho moja na kuitazama. Anaguna. Anaifungua, anaanza upya.

Mtu akipita njiani atadhani anajenga nyumba. La. Fundi huyu wa Ngamiani anapima uwanja wa mpira, na anaupima kwa mara ya pili. Mara ya kwanza aliukosea, na Tanga nzima ilicheka.

"Safari hii sitaki mtu wa kunihimiza," anasema bila kuinua kichwa. "Haraka haraka haina baraka, na miye sina tena uso wa kukosea."

Hapa ni nyuma ya Usagara, pembeni mwa mji, mwaka huu wa 1956. Mwezi wa Shaabani umeingia, na mawingu ya masika yameanza kujikusanya upande wa milima. Jumamosi ijayo, timu ya Kimondo ya Ngamiani itacheza hapa mbele ya afisa wa ofisi ya mji. Akiridhika, ardhi hii itaandikwa kuwa uwanja wa watu wote. Asiporidhika, itajengwa ghala la mkonge.

Washabiki wa Kimondo hawana pengine pa kwenda. Kiwanja chao cha zamani, kule Ngamiani, kimeliwa na nyumba na vibanda kidogo kidogo, mpaka ikafika siku mpira ukipigwa kona unaangukia kwenye chungu cha mtu. Wakaanza kuomba uwanja mpya. Waliomba misikitini, wakaomba makanisani, wakajipanga barazani pa ofisi ya mji mpaka makarani wakawajua kwa majina. Mwishowe walipewa pori hili, na sharti juu yake: wachezee hapa kabla ya masika, au waliache.

Kazi ya Uweso inayomlisha ni kujenga nyumba za miti na udongo. Siku akipata kazi hupata shilingi tatu, na siku asipopata, hupata pole. Lakini Ngamiani hawamfahamu zaidi kwa nyumba. Wanamfahamu kwa makaburi. Mtu akifa, hata kabla ya sanda kukatwa, huitwa Uweso. Yeye ndiye anayepima, yeye ndiye anayeelekeza, yeye ndiye anayeingia shimoni kumlaza maiti kwenye mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi. Kwa hilo halipwi, wala hataki kulipwa.

"Nyumba utapata ujira," anasema. "Kaburi utapata thawabu. Ukivichanganya, umeharibu vyote viwili."

Alivichanganya, ingawa si kwa namna hiyo.

Pori lilipofyekwa, watu waliona ni jambo la kawaida kumpa Uweso kamba. Nani mwingine? Wanaume walikata vichaka, wanawake wakabeba udongo wa kusawazisha kwa makarai, wakiongozwa na mke wa Uweso, Mwanamkasi, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Walisema wanawake hawajui mpira," anaeleza Mwanamkasi, huku akicheka. "Nikawaambia, sawa, na udongo huo mtaubeba kwa midomo? Tukaubeba siye."

Kila mtu alifanya sehemu yake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza uwanja umeelekea wapi.

Nyumba hufuata njia. Ukijenga Ngamiani hupati taabu, kwa sababu mlango unatazama barabara na maneno yamekwisha. Pale porini hapakuwa na njia. Uweso alisimama katikati ya ardhi tupu, kamba mkononi, na mikono yake ikafanya ilichokizoea katika ardhi tupu. Hapa kwetu Tanga kibla kiko kaskazini. Maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, kwa hiyo kaburi hunyooka kutoka mashariki kwenda magharibi. Na uwanja nao ukanyooka hivyo hivyo, goli moja macheoni, goli la pili machweoni.

Wakasimamisha magoli. Wakapaka chokaa. Wakajipongeza kwa kahawa na kashata.

Mechi ya kuujaribu ilichezwa jioni, kama mechi zote za mji huu, maana wachezaji ni vibarua wa bandari, wa reli na wa mashamba, na asubuhi wako kwa matajiri wao. Kipindi cha pili golini mwa Kimondo, upande wa mashariki, alisimama Zebedayo, kijana wa karakana ya reli. Baba yake ni Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, akaoa na kuishia Maramba. Zebedayo ni golikipa mzuri, na anajua kuwa ni mzuri.

Jua liliposhuka likakaa juu ya goli la machweoni, usawa wa macho yake. Bao la kwanza hakuliona. La pili alilisikia. Lilipoingia la nne, Zebedayo hakuokota mpira. Alikwenda taratibu kwenye mstari wa pembeni, akajilaza ubavu wa kulia juu ya chokaa, akanyoosha miguu, uso kaskazini.

"Mzee Uweso!" akaita. "Nimekwisha kujilaza mwenyewe, kazi yako nimekupunguzia. Fukia!"

Wageni watashangaa mtu kumtania mzee hivyo, tena Mkristo kumtania Mwislamu kwa mazishi yake. Lakini Uweso ni Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani huingia hata msibani, akazuia jeneza lisitoke, na hakuna anayemkasirikia. Uwanja mzima ulicheka. Kisha wazee waliokaa pembeni wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Walikuwa wameona.

Uweso naye aliona. Alitazama jua, akatazama mstari, akamtazama kijana aliyelala.

"Nililiona kaburi," anasema. "Refu, limetulia, limeelekea kama ninavyoyaelekeza miaka yote. Wallahi, mwenzangu. Watu mia na zaidi wametoa jasho, na miye nimewachimbia kaburi."

Jina likashika jioni hiyo hiyo. Kaburi la Uweso. Watoto waliliimba, washabiki wa timu pinzani wakalipeleka mpaka Pangani. Kwa wiki kadhaa fundi huyu hakuonekana barazani kwa kahawa. Alikwenda kazini kwa uchochoro na kurudi kwa uchochoro.

"Chakula nilimwekea, akakitazama tu," anasema Mwanamkasi, na sauti yake ile kubwa inapungua. "Nilimwambia, baba, watu wakikucheka wamekuweka moyoni. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe nikawa naificha, asije akaiona."

Aliyemtoa ndani ni yule yule aliyemwingiza. Zebedayo alikwenda kwake Jumapili akitoka kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuzikwa?"

"Nimekuja kufufuka," akajibu Zebedayo. "Uwanja si maiti, mzee. Ukilazwa vibaya, unageuzwa."

Lilikuwa neno la kweli, lakini kuugeuza hakukuwa rahisi. Pori lile lilikuwa refu upande mmoja tu. Ukiuelekeza uwanja kaskazini na kusini, goli la kaskazini linaingia ndani ya shamba la Bi Zeyana binti Himyar, mjane wa Kiarabu ambaye minazi yake imepandwa mpaka mpakani. Matajiri wamekwisha kuitaka ardhi hiyo kwa fedha nzuri, akawanywesha kahawa na kuwaonyesha mlango.

Wakuu wa chama cha washabiki walitaka kumpelekea ujumbe wa watu kumi. Uweso akakataa. Kosa lilikuwa lake, na miguu ya kwenda ilikuwa yake. Alivaa kanzu ya Ijumaa, akaenda na mkewe, kwa sababu mwanamume haendi peke yake kwa mjane.

Bi Zeyana aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo hawakulitegemea.

"Weye Uweso, ndiye uliyemlaza Marhun?"

Marhun alikuwa mumewe. Uweso akainamisha kichwa. "Ndiye miye, Bibi."

"Na yeye ulimwelekeza vizuri? Au naye nikamgeuze?"

Mwanamkasi anasema alitaka ardhi ipasuke immeze. Uweso akainua uso.

"Nilimwelekeza vizuri, Bibi. Huko sijakosea hata siku moja. Nimekosea kwa walio hai."

Bi Zeyana aligeuzageuza kikombe. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha mtu ambaye hajacheka muda mrefu.

"Marhun alikuwa akitoroka dukani kwenda kutazama mpira," alisema. "Akirudi ana vumbi, ananiambia alikuwa msikitini. Chukueni kipande hicho. Nakitoa wakfu kwa jina lake, asije mtu akakijenga. Lakini nazi zangu niangue kwanza, na ule mnazi wa mwisho kwenye pembe hamuukati. Chini yake kuna kitovu cha mwanangu. Hakutimiza siku arobaini."

Hivyo minazi sita imekatwa, na mmoja umebaki. Unasimama pale pembeni, hatua chache nyuma ya mahali pa kupigia kona, na uwanja umesogezwa kidogo ili kuupisha. Wanaojua mpira wanasema mchezaji akipiga kona ya upande ule hatapata nafasi ya kukimbia vizuri. Basi na asikimbie. Mpira wa Ngamiani umekwisha kuchezewa penye vyungu, hautashindwa na mnazi.

Wanawake wamerudi na makarai yao. Udongo uliosawazishwa mara ya kwanza umesawazishwa tena, na safari hii, kila anayefika anaangalia jua kabla ya kusalimia. Hata timu pinzani imeleta majembe, ingawa wanasema wamekuja kuchimbua kaburi tu.

Jioni, Uweso amesimamisha miti ya goli la kaskazini. Zebedayo ametoka karakana, bado ana grisi mikononi. Anasimama kati ya miti. Uweso anakwenda mbele yake na mpira, jua likiwa ubavuni mwao.

"Linakupiga wapi?"

"Shavuni, mzee."

"Machoni je?"

"Machoni nakuona weye tu. Nilikuwa salama zaidi nilipokuwa sioni."

Uweso hacheki. Anaupiga mpira, mpigo wa mzee, wa kidole. Zebedayo anaudaka kwa mkono mmoja na kuukumbatia kama wa fainali. Hapo ndipo fundi anapoachia tabasamu, la kwanza siku nzima.

Hakuna ajuaye afisa atasema nini Jumamosi. Mvua ikiwahi, chokaa itaondoka na hoja nayo itaondoka. Uweso hafichi kwamba anaogopa. Lakini amekwisha kufanya mipango. Ardhi ikiandikwa, kitu cha kwanza kujengwa hakitakuwa ukuta wala ofisi ya chama. Litakuwa benchi chini ya ule mnazi, kwa ajili ya Bi Zeyana, ambaye ametuma salamu kwamba atakuja, na akaongeza kwamba hatadanganya mtu kuwa anakwenda msikitini.

Na jina? Watu bado wanapaita Kaburi la Uweso. Anaulizwa kama linamuuma. Anaviringisha kamba yake polepole, kiganjani na kwenye kiwiko, kabla ya kujibu.

"Liliniuma. Sasa na waite wapendavyo. Miye maisha yangu yote nimepima mahali ambapo mtu akiingia hatoki. Namwomba Mungu anipe mahali pamoja tu, hapa, waingie watu tele, wapige kelele mpaka wakauke koo, na jioni ikifika, wote watoke waende kwao."