Simba Aliyefanana na Ng'ombe

Juzi, katika maktaba moja mjini Shinyanga, nilikaa meza moja na fundi anayechora mabango. Mwenye baa huko Kambarage alikuwa amemkatalia simba aliyemchorea ukutani mara mbili, eti anafanana na ng'ombe. Akikataliwa tena, kazi inakwenda kwa mwingine. Ndiyo maana alikuja kutafuta picha za simba.

Alipekua vitabu kwa vurugu mpaka nikakaribia kumfokea. Mara akapaza sauti: "Mayu wane, mama yangu! Aliyechora huyu hajawahi kuchunga!"

Kilikuwa kitabu cha ufugaji, chenye picha ya fahali.

Mkutubi akanyanyua kichwa. "Kaka, hapa watu wanasoma."

"Dada, njoo uone. Pembe haziendi hivi!" Akainua mikono juu ya kichwa chake, akaikunja kumwonyesha. Kisha akachukua penseli, akachora fahali wake kwenye daftari. Nawaambieni, yule fahali alikuwa anapumua. Mkutubi mwenyewe ndiye aliyeshangilia.

"Mzee wangu, kumbe miaka yote mimi ni wa ng'ombe," fundi akaniambia, akicheka. "Namwendea mwenye baa sasa hivi."

"Na aking'ang'ania simba?"

"Amchore aliyemchunga."

Mimi nimejisomea mwenyewe na sizungushi maneno: wengi wetu tunazeeka tukihangaika na simba wa watu.

Jumamosi nilipita pale baa. Fahali amesimama ukutani, na wafugaji wawili, bia mkononi, walikuwa wakigombana ana umri gani.