Kucha Zangu Mbele ya Bariyeri

Leo nusura nife kwa sababu ya kucha.

Niko hapa cyber, naandika haraka, basi musicheke mapema.

Asubuhi nimetoka kwetu Carama, naenda kufundisha mtaa wa Cibitoke. Kwa bariyeri, pale wamefunga njia, askari wakaambia wanaume wote: vueni viatu! Mnajua wanatafuta waasi. Mutu aliyeshinda porini na mabote, miguu yake inasema yenyewe.

Nikavua. Kucha za vidole vikubwa: nene, za njano, zinamegeka kama chaki.

Askari mumoja akainama. "We umetoka porini."

"Apana, shefu, mi mwalimu! Ni fangasi tu. Viatu vyangu vinavuja, miguu inashinda na maji."

"Fangasi?"

Akanivuta mpaka nyuma ya magunia ya mchanga. Watu wote kwenye mustari wakaangalia chini. Mi nikaanza kusali.

Kule nyuma akakaa. Akafungua kamba za bote lake, akalivua.

Jamani! Kucha yake ilikuwa mbaya kuliko zangu.

"Inapona?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikamuambia vile muganga wa dispanseri aliniambia: kata fupi, kausha miguu vizuri, usiazimane wembe, paka dawa miezi na miezi mpaka kucha mpya iote yote.

Akanirudishia viatu. "Mwalimu, kesho pita njia ingine. Hapa atakuwa mwenzangu, na yeye miguu yake ni mizima."

Nani anajua dawa ya haraka? Niandikieni leo.

Njia ingine mi sina.