Mzani wa Kupimia Gundi ya Mguu wa Papa

Nakumbuka siku moja kule Bumula, mwanangu, siku iliyotangulia harusi yangu. Wenzangu walikuwa wakiimba jikoni, na mimi nimeinama uani juu ya mguu wa mti wa baba yangu, tuliyemwita Papa.

Papa alirudi kutoka vita vya Burma na mguu mmoja. Huo wa mti ulikuwa umepasuka karibu na kifundo, na misumari haikuushika tena. Kubebwa kwa kiti hakutaka kusikia. "Mguu huu usiposimama," alisema, "baba yako mdogo atakuingiza kanisani." Nililia, maana nilimtaka yeye.

Mjomba, fundi seremala huko Kitale, alituletea gundi mpya ya mikebe miwili ya kuchanganywa, kisha akarudi kazini. Alisema ile nzito iwe mara mbili ya ile nyepesi, kwa uzito, la sivyo haikauki. Nilijaribu kidogo kwa kijiko. Kesho yake bado ilinata kama asali, na iliyobaki ilitosha mara moja tu.

Nikataka kuchanganya tena palepale. Papa akanishika mkono.

"Nasimiyu, si unaogopa?"

"Naogopa, Papa."

"Basi ogopa polepole. Tengeneza mzani."

Nikachukua ufito, nikautoboa katikati, nikaupitisha msumari, nikaning'iniza vifuniko viwili vya mikebe kwa uzi. Nikatia mchanga pande zote mpaka ufito ukatulia sawa. Nikafurahi, nikanyoosha mkono kuchukua gundi.

"Ngoja. Badilisha mchanga. Wa huku uende kule."

Nilipobadilisha, upande mmoja ukashuka. Tundu halikuwa katikati! Jua nalo lilikuwa linapanda. Nikatoboa tena, nikajaribu, nikatoboa tena, mpaka nikibadilisha mchanga ufito hautikisiki. Sasa nilikuwa na mafungu mawili ya mchanga yenye uzito mmoja. Gundi nzito nikaipima kwa mafungu yote mawili, nyepesi kwa fungu moja. Nikakoroga, nikapaka kwenye ufa, nikaufunga kwa mpira wa tairi.

Siku nzima niligusa mabaki ya gundi kwenye jani. Yalinata. Nikaenda kusukwa nywele, nikarudi kugusa. Yananata tu. Mama akanifukuza: "Wewe, ati bibi harusi gani ana vidole vya gundi?"

Asubuhi niligonga yale mabaki kwa ukucha. Yalilia kama kigae. Papa akavaa mguu wake, akakanyaga chini kwa nguvu. Mguu ukashika.

Mlangoni mwa kanisa nilisikia kitu kikilia, krii. Nikaganda.

"Ni kiatu," akaninong'oneza. "Twende."

Tukaenda mpaka mbele, yeye kwa miguu yake.

Mwanangu, sikuambii usiogope. Watu hukuambia hivyo kwa sababu hawana la kusema. Nakuambia usiache hofu ikuchagulie mwendo. Ukiwa na kitu kinachotosha mara moja tu, chukua muda kutengeneza kipimo, kisha kijaribu hicho kipimo kabla ya kukiamini, hata kama watu wanakuita jikoni. Mungu akutulize mikono yako, na kila utakachounga kishike.