Mjomba Aliyegombea Bila Kuahidi Kitu

Mjomba wangu ni mchonga vinyago. Karakana yake iko Baba Dogo, na kwa miaka mingi juu ya mlango palikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Siku moja maafisa wa kaunti walimjia wakamwambia kibao kile ni tangazo, na tangazo lina ada yake. Alikuwa ameshalipia leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, hata kibali cha afya ingawa hapiki chochote pale. Hakubishana nao. Alipanda ngazi akayakwangua maandishi kwa patasi mpaka yakaisha.

Baada ya hapo wateja wapya wakawa wanapita mlango bila kujua kuna nini ndani. Uchaguzi ulipokaribia, akatangaza kwamba atagombea uwakilishi wa wadi kwetu Kayole, anakoishi, akisema ada zimezidi.

Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, alikuwa karani wa baraza la jiji mpaka alipostaafu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Ukipunguza hizo ada, taka atazoa nani?"

"Kwani sasa anazoa nani, dada? Si ni wale vijana tunaowalipa wenyewe?"

"Na mshahara niliokusomeshea ulitoka wapi?"



Nilimsindikiza mjomba kwenye kampeni. Karibu na steji ya matatu ya Spine Road, mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi alimwuliza, "Umetubebea nini?"

"Sijabeba kitu. Nataka serikali ifanye mambo machache na iyafanye vizuri: barabara, taa, maji, usalama. Mengine ikuachie wewe na pesa yako."

"Hata pesa ya sukari huna?"

Watu wakacheka.

"Ya sukari nitaitoa wapi, mama, kama si mfukoni mwako?"

Yule mama aligeuza viazi vyake. "Hiyo ni kweli," akasema. "Lakini leo nyumbani sukari sina."

Mjomba alishindwa vibaya. Mama aliniambia waziwazi kwamba hakumpigia kura. Mimi nilimpigia, na si kwa ajili ya udugu. Nashona sare za shule chumbani kwangu, na kila ninapofikiria kufungua duka, nakumbuka vile vyeti vyote, naahirisha tena.

Wiki iliyofuata mimi na mama tulimpelekea mjomba muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, karakanani. Mtaro wa mbele ulikuwa umeziba, maji machafu yamefika mlangoni. Mama alisema kuzibua mtaro ni kazi ya kaunti. Mjomba akasema hata yeye hajawahi kukataa hilo. Tulikuwa bado tunakula mvua ilipoanza kunyesha. Mama ndiye aliyeinuka kwanza, akauliza koleo liko wapi, na sote watatu tukatoka kuuzibua.