Kiaragoni cha Jikoni, Edgbaston

Kampuni ya kutunza wazee ilinipeleka Edgbaston, mtaa wa Birmingham, kwa sababu kwenye fomu niliandika kwamba nina uzoefu na watu wasiojua Kiingereza. Nilimaanisha majirani zangu wa Newtown. Bibi niliyekabidhiwa alitoka milima ya Aragoni, kaskazini mwa Hispania, akaletwa Birmingham na binti yake baada ya kufiwa na mume. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alishasema usitarajiwe kupata nafuu. Kazi yangu ilikuwa kumpikia, kumwogesha na kuhakikisha hapandi juu ya kiti kufuta vumbi kwenye kabati. Hiyo ya mwisho ilinishinda.

Lugha hatukuwa nayo. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiingereza, akanitazama kama mtu aliyekuja kuuza mazulia. Siku ya pili nikasema liwalo na liwe, nikamwamkia shikamoo. Akanijibu kirefu huku anamenya viazi, na hakunyamaza mpaka saa nane mchana. Nami nikawa namjibu kwa Kiswahili: ehee, ikawaje, makubwa hayo. Tuliendelea hivyo miezi mitatu. Sijawahi kuelewana na mtu vizuri namna ile, na nimeolewa mara mbili.

Nilidhani anaongea Kihispania. Siku moja binti yake, mwanamke wa miaka hamsini hivi aliyefanya kazi maabara, alirudi mapema akasimama kwenye korido bila kuvua koti. Bibi alipomwona alibadilisha lugha, hata mgongo ukanyooka.

"Anakuongelesha Kiaragoni," binti aliniambia tulipotoka nje. Macho yalikuwa yamemjaa. "Mimi hajawahi kuniongelesha."

Akanieleza. Kwao bondeni wazee waliongea Kiaragoni wao kwa wao na kwa kondoo, wakiamini kwamba huko ni kuongea vibaya. Mtoto akizaliwa, walihamia Kihispania ili asije akachekwa shuleni. Yeye alikua akiisikia lugha ile kupitia ukutani. Anaielewa yote, lakini mama yake hakuwahi kumwelekezea hata sentensi moja. Alitaka hiyo moja tu, kabla moyo ule haujasimama. Nilimhurumia, ila kidogo. Mimi nyumbani nilikuwa na watoto wawili wanaonielewa Kiswahili na kunijibu Kiingereza, na hakuna aliyeniona nalia kwenye korido.

Alinunua kinasa sauti. Kwanza alitaka nikifiche kwenye mfuko wa aproni, nikamwambia mimi siibi, hata maneno. Basi akakiweka mezani mbele ya mama yake na kumwomba. Bibi akaketi wima, akakihutubia kwa Kihispania kama waziri anayefungua daraja. Binti akaondoka kwenda kazini bila kuaga, kinasa sauti kikabaki kinawaka. Bibi alikitazama, akanitazama mimi, akavuta beseni la njegere na kuanza kuambua na kuongea kama kawaida yetu.

Jumamosi, bibi akiwa amejilaza baada ya chakula, tulisikiliza kaseti jikoni, binti akinitafsiria. Nilikuwa na hamu ya kujua kwa miezi mitatu nilikuwa nakubaliana na nini. Nikakuta nimekubali mengi. Aliposema jirani alimpa mbwa wao sumu, sauti yangu ilisikika wazi: "Hapo kafanya la maana." Aliposimulia jinsi wachungaji walivyoshusha kondoo tambarare kila majira ya baridi, mumewe akiwa miongoni mwao, na yeye akabaki peke yake kwenye theluji na mtoto mchanga, mimi nilikuwa naulizia chumvi iko wapi.

Kisha binti akaacha kutafsiri. Alirudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena, halafu akaniambia huku anaangalia meza kwamba mtoto yule ndiye yeye. Mama yake alisema kwamba majira yale ya baridi alikuwa anangoja mtoto asinzie mchana. Akishasinzia, ndipo alipomwongelesha Kiaragoni, chote alichokuwa nacho, maana mtoto aliyelala hawezi kukishika. Mtoto akifumbua macho, mama alirudi kwenye Kihispania.

Hapo kwenye kaseti mimi nilisema, "Chai tayari, bibi." Niliona aibu, na si kwa sababu ya chai. Niliwafikiria wanangu, ambao mimi mwenyewe niliwaambia waongee Kiingereza hata nyumbani, ili mwalimu asinisumbue.

Binti aliinuka akaenda chumbani. Niliacha mlango wa jikoni wazi makusudi, sitajifanya sikutaka kuona. Bibi alikuwa amelala chali, macho kayafumba, miguuni amevaa soksi za sufu nilizomvika asubuhi. Binti akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuongea lugha ile polepole, kwa sauti ya chini. Alifika mahali akakwama. Akarudia neno, akakwama tena.

Bibi hakufumbua macho. Alilitamka neno lile taratibu, jinsi linavyotakiwa, kisha akangoja binti yake aendelee.